Odowa Kutoka Got Rachar

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kujisifu, Lynnet alikuwa tayari njiani na mkebe wake wa maziwa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Gredi ya Saba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa maneno. Maziwa hayo yalikuwa ya ng'ombe wao mmoja, naye aliyapeleka kwenye kambi ya wapimaji wa miamba chini ya kilima cha Got Rachar, ukingoni mwa bonde la Lambwe. Kutoka hapo alikimbia shuleni, na jioni alipitia tena kambini kuuchukua mkebe mtupu. Baba yake alikuwa mvuvi huko Mbita na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Kazi zote za nyumbani ziliwaangukia Lynnet na mama yake, Jedidah.

Wapimaji hao walikuwa wamefika miezi mitatu nyuma. Walichimba mashimo kilimani, wakavunja mawe, wakayatia katika mifuko midogo na kuiandika nambari. Kijijini kila mtu alikuwa na habari yake. Wengine walisema ni dhahabu inayotafutwa, wengine almasi, na kuna mzee mmoja aliyeapa kwamba kilima chote kitabebwa kwa lori hadi Nairobi. Mzee Cephas, jirani yao aliyeajiriwa kuwa mlinzi wa kambi, aliwacheka wote. "Mawe ni mawe," alisema. "Kazi yangu ni kuyalinda, si kuyauliza maswali."

Wakati huo Jedidah alikuwa na mimba ya miezi saba, na hamu yake ilikuwa moja tu: odowa. Odowa ni mawe laini ya rangi ya kijivu yanayouzwa sokoni. Wanawake wengi wa upande ule, hasa wajawazito, huyatafuna kama watu wengine wanavyotafuna njugu. Sista Marcella, muuguzi wa zahanati, alikuwa amemkataza mara mbili. Jedidah aliitikia kwa kichwa, lakini ulimi wake haukukubali.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne, baada ya mvua ya siku tatu mfululizo, Jedidah alimwita binti yake.

"Nyathina," alisema, maana alipenda kumwita mwanangu kwa Kiluo, "jioni ukitoka shule, pitia kwa Lorine unichukulie odowa. Ameniwekea. Leo mdomo wangu hauna raha kabisa."

"Lakini Mama, Sista Marcella si alikukataza?"

"Sista Marcella ndiye aliyebeba mimba hii? Nenda, usichelewe."

Lorine alikuwa binamu ya mama, na aliishi ng'ambo ya mto. Kufika kwake kulitaka mwendo wa saa nzima katika tope la kufika kwenye vifundo vya miguu. Lynnet alilijua hilo vizuri, na pengine ndiyo sababu kengele ya jioni ilipolia hakuwa na haraka. Yeye na rafiki yake Kezia walicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, uwanjani, raundi moja, kisha nyingine, kisha ya mwisho ambayo haikuwa ya mwisho. Alipokuja kuzinduka, jua lilikuwa limeinama na mto ulikuwa mbali kuliko asubuhi.

Alifika kambini akiwa na uso mzito. Kule chini barabarani, gari la wapimaji lilikuwa limekwama kwenye tope na watu walikuwa wakilisukuma kwa kelele.

"Lynnet, umekuja wakati mzuri," alisema Mzee Cephas, akivua koti lake kubwa. "Wananiita nikawasaidie. Nichungie hapa kidogo. Mtu yeyote asiingie kwenye hema. Narudi sasa hivi."

Mtu yeyote asiingie. Sasa, mlinzi anapomwachia mtoto hema na kumwambia mtu yeyote asiingie, mtoto huyo hufikiri neno hilo halimhusu yeye. Lynnet alichungulia. Kando ya mlango, nje, kulikuwa na lundo la mawe yaliyotupwa, yamejaa tope. Ndani, juu ya meza, kulikuwa na sanduku la mbao la rangi ya manjano, limejaa mifuko iliyofungwa kwa kamba. Mfuko mmoja ulikuwa umelegea. Alipouangalia, moyo wake uliruka kwa furaha. Mawe yaliyokuwamo yalikuwa ya kijivu cheupe, yenye vumbi laini, sawa kabisa na odowa ya Lorine!

"Odowa ni odowa," alijiambia. "Na mawe yote haya yametoka kwenye kilima chetu."

Alichukua kipande kimoja chenye ukubwa wa ngumi yake, akakitia ndani ya begi. Aliufunga mfuko upya kwa haraka, na macho yake yakaisoma nambari iliyoandikwa kwa wino mweusi: K-17. Mzee Cephas aliporudi, amechafuka tope hadi magotini, alimkuta ameketi nje kwa adabu zote.

"Umenisaidia sana, binti yangu," alisema. Lynnet alichukua mkebe wake akaondoka bila kumtazama usoni.

Nyumbani, mama yake alilipokea jiwe lile kwa mikono miwili.

"Lorine hajambo?"

"Hajambo. Amekusalimu sana," alijibu Lynnet. Neno la kwanza la uwongo lilimkwama kidogo, lakini la pili lilitoka lenyewe. "Amesema hii ni nzuri kuliko ile ya mwezi uliopita."

Jedidah alilivunja kwa mchi. "Ni ngumu leo," alisema, akitafuna. "Lakini ina ladha. Lorine anajua kuchagua." Kabla ya chakula cha jioni alikuwa amekula nusu. Iliyobaki aliitia katika mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, akaufunika.

Siku ya pili, Ijumaa, mwalimu wao wa sayansi, Bwana Bogonko, aliingia darasani na mgeni. Alikuwa Bwana Werema, mkuu wa wapimaji wa Got Rachar. Yeye ni Mkuria wa upande wa Migori, na Kiluo chake kilimtosha kuomba maji ya kunywa tu, kwa hiyo alizungumza nao kwa Kiswahili. Alitoa mfukoni jiwe la kijivu cheupe akaliweka juu ya meza. Lynnet alilitambua pale pale.

"Watu husema tunatafuta dhahabu," Bwana Werema alianza, na darasa likacheka. "Hapana. Tunatafuta jiwe lenye fosfeti. Mnapopanda mahindi, mnatia nini kwenye shimo kabla ya mbegu?"

"Mbolea!" darasa zima liliitikia.

"Vizuri. Mizizi haiwezi kupata nguvu bila fosfeti. Viwanda husaga jiwe kama hili, hulitia tindikali, na mbolea hupatikana. Lakini jiwe halina fosfeti peke yake. Ndani yake kuna madini adimu yanayotumika kutengenezea simu na injini za umeme. Tena kuna urani kidogo, madini yanayotoa miale ambayo jicho haliioni. Chombo hiki ndicho kinachoisikia."

Alikiwasha chombo chake, kisanduku kidogo kinachotoshea mkononi. Kilikuwa kikilia polepole, tik, kimya, tik. Alipokisogeza karibu na jiwe, kilianza kulia haraka haraka. Wanafunzi wa mbele walirudi nyuma na viti vyao.

Kezia aliinua mkono. "Kwa hivyo mbolea iliyo kwetu nyumbani pia ina hiyo urani?"

"Umeuliza vyema, na sitakuficha," alisema Bwana Werema. "Ndiyo, mbolea nyingi za fosfeti huwa nayo, lakini kidogo sana. Si sababu ya kuogopa shamba wala mahindi yenu. Ni sababu ya kuwa na adabu na mbolea. Nawa mikono baada ya kupanda. Usivute vumbi lake. Na gunia la mbolea lisigeuzwe kuwa mkeka wa kuanikia samaki wa omena, wala mfuko wa kuwekea unga. Nimeona mambo hayo huku na huku."

Wengine waliangaliana kwa aibu. Kwao walianika omena juu ya nini?

Lynnet hakuwa akisikia tena habari ya omena. Aliinua mkono, na sauti yake ilitoka ndogo kama ya mtoto wa chekechea.

"Na mtu akilila hilo jiwe?"

Darasa liliangua kicheko. Bwana Werema hakucheka.

"Inategemea amekula jiwe gani, na kiasi gani. Mengi hayana neno. Lakini haya tuliyoyachagua tukayaweka kando ndiyo yenye urani nyingi kuliko mengine. Urani ikiingia tumboni, kiungo kinachoweza kuumia kwanza ni figo. Na kama ni mtoto mdogo, au mama mjamzito, tusingebahatisha hata kidogo. Tungempeleka hospitalini."

Kengele ya mchana ilipolia, Lynnet hakungoja chakula. Alikimbia njia nzima, viatu mkononi. Mungu wangu, asiwe amekula nusu iliyobaki, aliomba. Mama hakuwapo uani. Jirani yao Rael alikuwa akiufunga mlango wa nyumba yao.

"Yawa, Lynnet! Mama yako ametapika tangu saa nne, ameshika tumbo hawezi hata kusimama wima. Nimempakia kwenye bodaboda, amepelekwa zahanati. Nenda haraka, mimi namwangalia ng'ombe."

Lynnet aliingia ndani kwanza. Alifunua mkebe wa mafuta. Nusu ya jiwe ilikuwa bado imo. Alilishika mkononi, na hapo wazo baya lilimjia, wazo ambalo huwajia watu wenye hofu, wakubwa kwa wadogo: jiwe likipotea, hakuna atakayejua. Alizunguka nyuma ya nyumba akalitumbukiza chooni. Alilisikia likianguka huko chini. Alipogeuka kuondoka alikuwa akilia, na hakujua analia kwa sababu ya mama yake au kwa sababu ya lile alilolitenda sasa hivi.

Katika zahanati, Jedidah alikuwa amelala kwa ubavu juu ya kitanda chembamba, midomo imekauka. Sista Marcella alikuwa akimpima mapigo ya moyo.

"Jedidah, nakuuliza kwa mara ya tatu. Umekula nini?"

"Sikula kitu kigeni, Sista. Ugali na mboga. Na odowa kidogo."

"Odowa tena!"

"Ni ile ya Lorine, ya siku zote. Haijawahi kunidhuru."

"Basi leo imekudhuru. Huyo Lorine wako atanieleza anaichimba wapi. Nitamtumia mkuu wa kijiji leo leo. Hawezi kuendelea kuwauzia wajawazito uchafu."

Lynnet alikuwa amesimama mlangoni. Aliona jinsi mambo yanavyokwenda. Lorine, aliyekuwa ameketi kwake ng'ambo ya mto bila habari, alikuwa karibu kubeba lawama ya jiwe ambalo hakuliona kamwe.

"Si ya Lorine," alisema.

Wanawake wote wawili waligeuka.

"Sikwenda kwa Lorine. Nilicheza mpaka nikachelewa. Lile jiwe nilichukua kambini, Got Rachar."

Jedidah alifumba macho. Sista Marcella hakupoteza wakati kumgombeza. Alichukua simu yake, akatafuta nambari ya Bwana Werema, akamweleza kwa maneno machache. Kabla ya nusu saa kupita, gari la wapimaji lilisimama nje kwa breki kali. Bwana Werema alishuka na chombo chake mkononi, na nyuma yake akaja Mzee Cephas, kofia ameivua.

"Liko wapi lililobaki?" aliuliza Bwana Werema. "Nilipime."

"Nimelitupa chooni," alisema Lynnet, akiangalia sakafu.

Sista Marcella alishusha pumzi. Bwana Werema alichuchumaa ili uso wake uwe sawa na wa msichana yule.

"Sawa. Kama jiwe halipo, tuna mdomo wako tu. Nisikilize vizuri, binti. Ulilitoa wapi hasa?"

Lynnet aliinua macho, na macho yake yakakutana na ya Mzee Cephas. Mzee alikuwa akiizungusha kofia yake mikononi. Msichana alielewa. Kama angesema ndani ya hema, wangeuliza aliingiaje hemani. Kama wangeuliza aliingiaje, mzee aliyemwamini angepoteza kazi, na yeye mwenyewe angeitwa mwizi mbele ya kijiji kizima. Je, hakuwa amekwisha kusema ukweli wa kutosha? Alikuwa amesema ni la kambini. Yaliyobaki yalikuwa mambo madogo.

"Nje," alisema. "Kwenye lile lundo."

Mabega ya Bwana Werema yalilegea. "Ah! Afadhali. Lile lundo ni mawe ya chokaa tu tuliyoyatupa. Tulishayapima, hayana kitu. Sista, huyu mama hana haja ya safari ya hospitali."

"Namshukuru Mungu," alisema Sista Marcella. "Njia ya Homa Bay leo na tope hili, kwa mtu wa miezi saba, nilikuwa naiogopa." Aliiweka kando barua ya hospitali aliyokwisha kuianza, akavuta daftari jingine. "Nitampa dawa ya tumbo na maji ya chumvi na sukari, apumzike nyumbani."

Jedidah alijaribu kuinuka. Maumivu yalimkata, akashika tumbo kwa mikono yote miwili mpaka yakapita. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya midomo. Alipofungua macho, mtu wa kwanza aliyemtafuta kwa macho alikuwa binti yake.

"Usilie, nyathina," alisema kwa sauti iliyochoka. "Umesema ukweli, imetosha. Twende nyumbani."

Maneno hayo yalimchoma Lynnet kuliko kipigo. Umesema ukweli! Mama yake alikuwa tayari kurudi nyumbani, yeye na mtoto aliye tumboni, kwa kuuamini uwongo wake.

"Hapana!" alipiga kelele. "Mama, usiondoke! Si kwenye lundo. Nimedanganya tena. Niliingia ndani ya hema. Nililitoa kwenye sanduku la manjano, kwenye mfuko ulioandikwa K-17. Nambari niliisoma wakati nikifunga kamba. Mama alikula nusu, nusu nikaitupa."

Bwana Werema alimtazama kwa makini.

"K-17? Una hakika? Si saba peke yake? Si sabini na moja?"

"Kumi na saba. Hata nikifa, ni kumi na saba."

"Na uliingiaje hemani?"

Aliyejibu alikuwa Mzee Cephas.

"Mimi ndiye niliyemwachia lango," alisema. "Mlinaswa na tope, nikaja kusukuma gari. Nilimwambia mtoto achunge badala yangu. Kosa hilo ni langu, Bwana Werema, usimuulize yeye."

Bwana Werema alikuwa tayari amefungua simu yake akitafuta majibu ya maabara. Alisoma, akauma mdomo. "Mfuko huo ulitoka shimo la tatu. Ni kati ya ile yenye urani nyingi zaidi. Sista, andika barua yako. Andika na nambari ya mfuko. Nitamtumia daktari majibu haya kabla hatujafika, ajue anatafuta nini kwenye figo. Cephas, saidia tumbebe."

Safari ya kwenda Homa Bay ilichukua muda mrefu, na Lynnet hakuisahau. Mvua ilikuwa imeanza tena. Sista Marcella alikaa mbele na simu sikioni. Nyuma, Lynnet alipakata kichwa cha mama yake, na kila gari lilipoyumba alikaza mikono. Mara mbili walikwama. Mara mbili Mzee Cephas na Bwana Werema walishuka wakasukuma hadi nguo zao zikabadilika rangi. Kila Jedidah alipogumia, msichana alihisi kama maumivu yale ni yake, na alitamani sana yawe yake. Hakuwa amewahi kuogopa namna hiyo maishani mwake.

Hospitalini, majibu ya maabara yalikuwa yamekwisha kufika. Walimchukua Jedidah moja kwa moja, wakampima damu na mkojo, wakamtundikia maji. Mlango ulifungwa. Lynnet alikaa kwenye benchi. Saa moja ilipita, kisha ya pili. Mzee Cephas alimnunulia andazi, likabaki mkononi mwake bila kuliwa.

Daktari aliyetoka mwishowe alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani. "Nani Lynnet?" aliuliza.

Lynnet alisimama.

"Mama yako hajambo. Figo zake zinafanya kazi vizuri, na mapigo ya mtoto tumeyasikia, yana nguvu. Kiasi alichokula hakikuwa kikubwa, na kwa urani ya mawe, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka bila kuingia kwenye damu. Maumivu yametokana na ugumu wa jiwe na uchafu wake. Hata hivyo atakaa hapa siku tatu tumwangalie, na tutampima tena. Alikuwa amekaukiwa na maji vibaya sana. Angelala nyumbani leo usiku, mimba ingekuwa hatarini."

Lynnet alilia kwa kwikwi mbele ya watu wote waliokuwa kwenye benchi, wala hakuona haya.

"Jambo jingine," aliendelea daktari. "Damu yake imepungua sana. Mara nyingi mwanamke mwenye hamu kubwa ya kula udongo au mawe huwa mwili wake unalilia madini ya chuma. Dawa yake ni vidonge tunavyompa, maharagwe, mboga za kijani na samaki. Odowa haimpi anachokitafuta."

Walipomruhusu kuingia, Jedidah alikuwa ameegemea mto.

"Nimekukasirikia," alisema. "Sitakudanganya. Nimekukasirikia sana."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi mwenyewe nimejikasirikia. Sista alinikataza mara mbili, na badala ya kumsikiliza nikamtuma mtoto. Njoo hapa." Alimvuta akamkumbatia, na Lynnet alilihisi tumbo la mama yake likisukumwa kutoka ndani na mguu mdogo.

Jumatatu iliyofuata, baba yake akiwa amerudi kutoka Mbita kumwuguza mama, Lynnet alibeba maziwa kwenda kambini kama kawaida. Hatua za mwisho zilikuwa nzito. Hema lilikuwa na kufuli jipya mlangoni, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa kijana asiyemjua. Mzee Cephas hakuwa na koti lake kubwa la mlinzi. Alikuwa kwenye shimo la tatu, ameshika jembe pamoja na vibarua.

"Mzee Cephas," alisema Lynnet, "wamekuondoa kwenye ulinzi kwa sababu yangu. Nisamehe. Ningenyamaza..."

"Ungenyamaza nini?" Mzee aliuegemeza mwili wake kwenye jembe. Uso wake ulikuwa mkali, na Lynnet alirudi hatua moja nyuma. "Wameniondoa kwa sababu niliacha lango langu. Hilo ni langu, usinibebee. Sasa nisikilize, maana nitalisema mara moja. Siku ile zahanati ulisema ukweli, kisha ukaona unauma, ukaukata nusu. Na hiyo nusu ndiyo iliyokuwa inamrudisha mama yako nyumbani. Daktari hawezi kutibu kwa nusu, wala mtu hawezi kusaidiwa kwa nusu. Ukiamua kusema, sema mpaka mwisho, hata kama mwishoni kuna jina la mtu unayempenda."

"Hata kama mtu huyo atapoteza kazi?"

"Hata hivyo." Mzee Cephas alitema mate kwenye viganja, akashika jembe tena. "Kazi ya ulinzi nitaiomba upya mwaka ujao, labda wanipe, labda wasinipe. Mtoto wa Jedidah ningemwomba kwa nani? Haya, maziwa yanaganda. Peleka jikoni, kisha kimbia shule."